Waya mwembamba, tufe kubwa: umeme unaokusanywa kwenye ionosfea

Swali la umeme ambao waya mrefu unaokokotwa angani hukusanya katika ionosfea (tabaka la juu la angahewa lenye elektroni na ioni huru) huanzia kwenye vipimo, milinganyo hufuata. Kwa elektroni za joto la eV 0.1 (elektronivolti, kipimo cha nishati), zikiwa trilioni moja kwa kila mita ya ujazo, urefu wa Debye, yaani umbali ambao chaji huru hufifisha uga wa umeme wa kitu, ni kama milimita 2.3. Katika uga wa sumaku wa mikrotesla 30, elektroni hizo huzunguka kwa nusu kipenyo cha sentimita 3.5 hivi. Kinachokusanya umeme kilinganishwe na vipimo hivyo viwili kwanza.

Tufe la jaribio la waya la TSS-1R, lililotolewa kutoka chombo cha Columbia Februari 1996, lilikuwa na kipenyo cha mita 1.6. Kwa ukubwa huo, sumaku huwalazimisha elektroni kufuata mistari yake, na ndivyo modeli ya Parker na Murphy ya 1967 inavyohesabu. Hata hivyo mkondo uliopimwa ulikuwa mara mbili hadi tatu ya makadirio yake. Modeli hiyo huchukulia plazma (gesi ya elektroni na ioni) imetulia, ilhali tufe lilikwenda kilomita 7.7 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo ioni za oksijeni hulijia zikiwa na nishati ya karibu eV 5. Volti ya tufe ikipita 5, ioni hizo hurudishwa mbele yake, na plazma inayolizunguka si ile tena iliyoandikwa kwenye mlinganyo. Kwangu hilo ndilo somo zito kuliko hata kukatika kwa waya wake ulipokuwa umetolewa kilomita 19.7.

Waya mtupu (usiofunikwa na kihami) wa alumini wa milimita 1 ni mwepesi zaidi kuhesabu, kwa kuwa ni mwembamba kuliko vipimo vyote viwili. Kila mita hukusanya e·n·d·√(2eV/m), e ikiwa chaji ya elektroni, n idadi ya elektroni kwa mita ya ujazo, d kipenyo, V volti ya waya dhidi ya plazma na m tungamo la elektroni. Kwa volti 100 hiyo ni miliampea 0.95, yaani karibu ampea 1 kwa kilomita. Usiku n ikishuka mara kumi, mkusanyo nao hushuka mara kumi. Kutumia wastani wa siku ni kujidanganya.

Kisha volti hupungua kuelekea ncha ya pili: dV/dx = I/(σA) − E, x ikiwa umbali kwenye waya, I mkondo, σ upitishaji umeme wa alumini, A eneo la mkato wa waya na E uga wa umeme unaotokana na mwendo. Kwenye ncha ya kukusanyia I ni sifuri. Kwenye ncha ya kutoa elektroni V ni hasi, makumi ya volti. Kisia V ya mwanzo, piga hesabu hadi mwisho, rekebisha, rudia. Programu nyingi hukwama V inapovuka sifuri, kwa sababu kipeuo cha namba hasi hakipo. Simamisha hatua hapo hapo, uanze upya na ioni, ambazo mkondo wake ni mdogo mara 171 hivi.

Kwa E ya volti 0.15 kwa mita, waya huo hauwezi kupitisha zaidi ya ampea 4.1. Jibu likizidi hapo, kagua alama ya E (chanya au hasi) kwanza.