Hemanjioma kwenye mdomo wa mwanangu, tulivyotibu na tulivyoishi na dawa

Naandika hii kwa ajili ya mama yeyote ambaye mtoto wake mchanga ana doa jekundu la mishipa ya damu linalokua kila wiki, yaani hemanjioma, na kila akiuliza anajibiwa subiri litaisha lenyewe. Kwa watoto wengi kweli linaisha lenyewe na sipingi, ila kuna sehemu za mwili ambazo ukisubiri mtoto anaumia, mdomo ni mojawapo, na muda wa kuwahi ni mfupi sana kuliko watu wanavyodhani.

Binti yangu alizaliwa njiti, kilo mbili hakufika. Tulikaa wodini kwa kangaruu, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana, mpaka uzito ulipopanda ndo tukaruhusiwa. Tunatoka pale mdomo wake ulikuwa safi kabisa. Tumeshafika nyumbani nikaona kwenye mdomo wa chini upande wa kushoto kamkwaruzo kekundu, nikadhani ni kucha zake maana vichanga wanajikwaruza sana, nikazikata. Kamkwaruzo hakakupona, kakapanuka, halafu kakanyanyuka, na ndani ya muda mfupi mdomo wa kushoto ukawa umevimba na kung'aa, mwekundu ulioiva kama forosadi. Akilia unajaa zaidi na rangi inakuwa nzito, akinyamaza unanywea kidogo. Ukibonyeza taratibu ni laini, na mwanzoni alikuwa hasikii maumivu yoyote.

Maneno ya watu sasa. Kwenye daladala mama mmoja akaniuliza kwa sauti gari zima linasikia, dada mtoto kaungua na chai? Jirani akasema nilipokuwa mjamzito nilitamani zambarau nikanyimwa ndo maana. Mama mkwe wangu, ambaye anampenda huyu mtoto kuliko kitu chochote, alitaka tumpeleke kwa mzee mmoja anayechanja na kupaka dawa ya majani. Mume wangu ndo aliongea nae, akamwambia mama hii ni damu tupu, mtu akitia wembe hapa mtoto atavuja na tutashindwa kumzuia, tuombe kwanza tuonane na daktari wa ngozi. Akakubali kwa shingo upande. Nashukuru sana kwamba yeye ndo aliongea, mi ningeongea ningeonekana mkwe jeuri.

Zahanati tuliyokuwa tunapima uzito waliangalia wakasema ni alama ya kuzaliwa, itapotea akikua, mama usiwe na wasiwasi. Basi mi nikaanza kupiga picha. Kila Jumapili asubuhi baada ya kumwogesha namlaza pale pale dirishani, naweka sarafu ya shilingi mia karibu na kidevu, napiga. Picha zikiwa nyingi ukizipitisha kwa kidole moja baada ya nyingine unaona kabisa sarafu iko vile vile na uvimbe unazidi. Hili nasisitiza kwa mzazi yeyote, piga picha na uweke kitu cha kulinganisha, maana daktari anakuona siku moja tu na picha ndo zinamwambia kinakua kwa kasi gani.

Kilichofanya nisisubiri tena ni katikati ya uvimbe palipoanza kuwa na rangi ya majivu. Nikadhani ni maziwa yamegandia nikafuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, hayakutoka. Siku chache mbele pale pale pakachimbika kidonda. Kuanzia hapo kunyonya kukawa vita, anashika titi anavuta mara mbili anaachia anapiga kelele, anashika tena analia, na yeye ni njiti, kila gramu tumeitafuta kwa jasho. Nikaanza kukamua na kumnywesha kwa kikombe kidogo tulichofundishwa wodini, nakigusisha upande wa kulia wa mdomo ambao ni mzima, anaramba taratibu. Siku moja kidonda kikatoa damu mpaka kanga ikalowa. Nilibana kwa kitambaa safi, bila kuachia achia kuchungulia, dakika kumi nzima, ikakata.

Rafiki yangu mmoja ni nesi wa wodi ya watoto, nikamtumia zile picha, akanipigia hapo hapo akasema hiyo ni hemanjioma na iko mdomoni tena ina kidonda, nenda KCMC kwa watu wa ngozi usisubiri tarehe ya kliniki. Kwa wasiofahamu, KCMC ni hospitali ya rufaa kule Moshi, na pale kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika wanasomea hapo. Tulikaa kwenye benchi na ndugu zetu wenye ualbino waliofuata losheni yao ya jua ya Kilisun inayotengenezwa hapo hapo, dada mmoja kati yao alimbeba mwanangu wakati nimeenda kuandikisha na hakuniuliza kaungua na nini, akamwimbia tu.

Daktari alitueleza vizuri sana na mimi nilikuwa na maswali mengi hakunichoka. Hemanjioma ni chembe za ukuta wa mishipa midogo ya damu zinazoongezeka kwa kasi, sio kansa na haisambai. Inawapata kati ya watoto wanne na watano kwa kila mia, wa kike zaidi kuliko wa kiume, na njiti na wenye uzito mdogo ndo wanapata zaidi, kwahiyo zambarau za jirani hazihusiki na jicho la mtu halihusiki. Mara nyingi mtoto anazaliwa haina, inatokea wiki za mwanzo, halafu inakua kwa kasi miezi mitatu ya kwanza. Akifika miezi mitano nyingi zinakuwa zimeshamaliza sehemu kubwa ya kukua. Baada ya mwaka inaanza kunywea polepole, inaweza kuchukua miaka. Sasa ukipiga hesabu utaona, yule anayekwambia subiri mpaka afikishe mwaka, anakwambia usubiri mpaka ukuaji wote uishe na mdomo uwe umeshavutika na kuharibika umbo. Kunywea itanywea lakini ngozi iliyovutika na kovu la kidonda vinabaki.

Dawa yenyewe ilinishangaza. Ni propranololi, ile ile ya presha na moyo ambayo babu yangu alimeza miaka. Daktari akasema iligundulika kwa bahati pale Bordeaux, Ufaransa, kuna mtoto alikuwa na hemanjioma ya pua, akapewa propranololi kwa ajili ya shida ya moyo, wakaona uvimbe unabadilika rangi na kulainika. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake wakatoa taarifa mwaka 2008, na mwaka 2014 Marekani wakapitisha dawa ya maji ya watoto. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanapewa predinisoloni, dawa ya steroidi, kwa miezi, na madhara yake ni mengi.

Kabla ya kuanza walimsikiliza moyo na kifua, wakapima sukari, wakauliza kama kwetu kuna pumu au ugonjwa wa moyo. Dozi ya kwanza alipewa mbele ya nesi, halafu wakawa wanampima mapigo na presha, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mimi nimeshika mkono wake mdogo macho yapo kwenye kile kimashine cha kubana kidole cha mguu. Hakukuwa na shida yoyote.

Nyumbani ndo kazi ilipo. Ile ya maji iliyotengenezwa tayari sikuipata kwenye maduka ya dawa niliyozunguka, kwahiyo mfamasia alinifundisha kutumia vidonge vya miligramu kumi. Kidonge kimoja unakisaga katikati ya vijiko viwili mpaka kiwe unga usio na punje, unakiweka kwenye kikombe safi, unapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano mililita kumi za maji yaliyochemshwa na kupoa, unakoroga. Hapo kila mililita moja ina miligramu moja. Unavuta kiasi ulichoandikiwa haraka kabla unga haujatulia chini, unampa pembeni ya shavu kidogo kidogo, kinachobaki unamwaga, hutunzi kwa kesho. Kiasi cha mwanangu sikiandiki hapa makusudi, kinapigwa kwa kilo za mtoto na kinapandishwa taratibu, na kila kliniki walikuwa wanampima uzito kwanza ndo wanaandika upya. Tafadhali usichukue kipimo cha mtoto wa mwenzio.

Kitu walichonirudia mpaka nikakikariri, dawa haipewi mtoto mwenye tumbo tupu. Propranololi inaweza kushusha sukari, na kichanga sukari ikishuka anaweza kupata degedege. Kwahiyo ananyonya kwanza, au anakunywa kikombe, halafu dawa, halafu ananyonya tena kidogo. Saa moja asubuhi na saa moja jioni. Usiku nilitega alamu nimwamshe anyonye hata kama kalala fofofo. Ukiona mtoto anatokwa jasho la baridi, anatetemeka, kalegea haamki vizuri, mpe maziwa hapo hapo na ukimbie hospitali. Akitapika, akiharisha au akikataa kula unasimamisha dawa na kumpigia daktari. Akianza kukoroma kifua vile vile. Sisi ilitokea, alipata mafua na kifua kikawa kinapiga filimbi, tukasimamisha mpaka alipopona kifua kabisa na daktari akasema rudini kwenye dawa. Mama mkwe ndo alisikia ile filimbi kabla yangu, alikuwa kambeba mgongoni. Tangu hapo yeye ndo alikuwa msimamizi wa dawa, saa moja ikigonga ananiuliza, mama, mtoto keshanyonya?

Madhara mengine tuliyoyaona ni mikono na miguu kuwa ya baridi, tulimvalisha soksi, na usingizi wa kukatika katika kwa muda. Basi.

Kidonda tulikihudumia tofauti. Vaselini nyeupe ya kawaida isiyo na manukato, tabaka nene kabla ya kunyonya na baada, ili titi lisikwaruze na kidonda kisikauke na kupasuka. Parasetamoli ya maji kwa kilo zake kabla ya mlo pale alipokuwa anaumia sana. Hakuna spiriti, hakuna jivu, hakuna dawa ya meno. Kuna watu wazima kabisa walinishauri dawa ya meno kwenye kidonda cha kichanga!

Rangi ilianza kubadilika siku za mwanzo tu za dawa, ule wekundu unaong'aa ukawa unafifia kuelekea kijivu na uvimbe ukalainika. Kidonda kilichukua wiki kadhaa kufunga. Siku aliyoshika titi akavuta, akavuta, akameza bila kuachia mpaka akalala nalo mdomoni, nililia mimi sasa badala yake.

Pale kliniki nilikutana na mama ambaye mwanae alikuwa na kadoa kadogo bapa begani, yeye aliambiwa aangalie tu na apige picha. Mwingine kalikuwa kembamba juu ya ngozi, alipewa timololi, matone yale ya presha ya macho, anapaka tone moja. Kwahiyo sio kila hemanjioma ni ya kumeza dawa, inategemea ilipo. Wanazozikimbilia haraka ni za karibu na jicho kwasababu kope likishuka mtoto anaweza kukosa kujifunza kuona kwa jicho hilo, za puani, mdomoni, sehemu ya nepi maana zinachimbika vidonda, na zile za kidevuni na shingoni mtoto akiwa na sauti ya kukwaruza au anapumua kwa kelele, hiyo inaweza kuwa ipo na kwenye njia ya hewa, hiyo ni ya siku hiyo hiyo. Kubwa iliyotanda uso pia wanaipima zaidi. Na mtoto akiwa na tano au zaidi mwilini hata kama ni vidogo wanampiga utrasaundi ya ini.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mwanzoni inaweza isionekane nyekundu, inaweza kuwa kama baka jeupe hivi au kama imevilia, ndo maana zinachelewa kugundulika. Ukiona baka la kichanga linabadilika wiki hadi wiki, nenda.

Dawa alitumia mpaka akapita mwaka mmoja, ikapunguzwa polepole, haikukatwa ghafla. Baada ya kuacha ikarudi kujaa kidogo, daktari alishatuambia kwamba inatokea kwa baadhi ya watoto, akarudishiwa kwa muda ikatulia. Chanjo zake zote alipata kama kawaida. Sasa anaongea, anakula ugali na dagaa, na upande wa kushoto wa mdomo umebaki mnene kidogo na kovu dogo pale kidonda kilipokuwa. Daktari amesema tusubiri inywee kabisa, akikaribia kuanza shule tutaangalia kama kuna haja ya kurekebisha. Bado nampiga picha na sarafu, ila siku hizi mara moja kwa mwezi, na sarafu anaishika mwenyewe.