Nilivyowapunguza konokono kwenye bwawa langu la sato

Bwawa langu lipo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Mwaka jana kingo zilijaa konokono, na kijana anayenisaidia kulisha samaki akaanza kukojoa damu. Kichocho, ugonjwa ambao vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini. Alitibiwa akapona, lakini mimi sikupata usingizi.

Kwanza nilikausha bwawa siku nne tu. Kazi bure! Konokono hawa hujichimbia kwenye tope na kusubiri. Maji yaliporudi, nao wakarudi.

Nikaanza kukaa ukingoni na kuwachunguza. Kwenye kina hawakuwepo. Walijazana pembeni penye majani, na mgongoni mwa majani yaliyozama walikuwa wamebandika mayai yao ndani ya ute mwangavu. Sato aliwapita tu, maana yeye hupenda zaidi mwani na pumba. Na pumba nilizozidisha ziliwalisha wao pia.

Basi nikang'oa magugu yote, nikachonga kingo ziwe wima, nikakausha wiki tatu na kumwaga chokaa kwenye tope. Mlango wa maji nikauwekea wavu wa matundu madogo. Baadaye niliongeza kambare wachache: hula konokono, na hupunguza vifaranga vya sato vinavyosongamana.

Choo nacho tukakichimba mbali na bwawa, kwa kuwa mayai ya kichocho huingia majini kwa mkojo na kinyesi. Majini tunaingia na buti ndefu, hasa mchana, wakati vijidudu hutoka kwa wingi kwenye konokono.

Juzi nimezunguka bwawa zima. Nimeokota konokono sita.