Chuma ulete na ndagu: jinsi ninavyojua pesa ya duka inakokwenda

Droo ya duka ikipungua, mtaani wanasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa ya mwenzio. Duka la jirani likikua, wanasema mwenyewe ana ndagu, uchawi wa kuleta utajiri. Nina duka la rejareja, na upotevu nimeuziba kwa mizani na daftari. Imani hizi zinaumiza watu: pesa ya kuongeza bidhaa inakwenda kwa mganga, na kinachovuja kinaendelea kuvuja.

Kwanza mizani. Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50 ulionunuliwa kwa 130,000 na kuuzwa robo kwa 700. Unatoa robo 200, yaani 140,000, faida 10,000. Muuzaji akizidisha gramu 10 tu kwenye kila robo, zinatoka 192. Mauzo yanakuwa 134,400 na faida 4,400. Zaidi ya nusu ya faida imeondoka na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana nafunga robo na nusu mapema, kabla wateja hawajajaa na mkono kuanza kukisia, na kila mfuko nikiumaliza nahesabu vifuko vilivyotoka. Mchele na unga ni vivyo hivyo.

Halafu uwakala wa pesa za simu. Naamini hapa ndipo chuma ulete nyingi huzaliwa, kwa sababu droo moja inabeba pesa za aina mbili. Mteja akiweka 200,000, noti zinaongezeka kwenye droo na salio la simu linashuka kwa kiasi kilekile. Ukizinunulia bidhaa noti hizo, jioni utaapa umechukuliwa pesa. Tenga droo mbili. Mtaji wa uwakala ukiwa 500,000 na simu inasoma 320,000, droo yake lazima iwe na 180,000. Kamisheni iandike pembeni. Hesabu ikikataa, pitia meseji za miamala siku hiyohiyo, ukiwa bado unakumbuka nani alikuja.

Droo ya duka naifunga hivi: pesa ya asubuhi, jumlisha mauzo ya taslimu na madeni yaliyolipwa, toa manunuzi, matumizi na kilichokwenda nyumbani. Inafanya kazi tu kama kila kinachouzwa kimeandikwa, hata kiberiti. Sabuni na sukari inayochukuliwa na familia nayo inaandikwa, kwa bei ya kununulia. Kodi ya pango isikushtukize: ya miezi 6 ikiwa 600,000, tenga 3,400 kila siku.

Na huyo anayesemwa ana ndagu? Tazama mzunguko wake. Mfuko uleule wa sukari ukiisha kwa siku 4, mtaji wa 130,000 unazunguka mara 7 ndani ya siku 28 na kuleta 70,000. Ukikaa siku 14, unaleta 20,000. Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye mtaji mkubwa ndiye atakayetajirika. Mtaji uliolala kwenye bidhaa zisizotoka unasubiri kuharibika tu.

Droo iliyojaa nayo si utajiri. Kila mwisho wa mwezi najumlisha bidhaa zote kwa bei ya kununulia, taslimu, salio la simu na madeni yanayolipika, kisha natoa ninachodaiwa. Namba hiyo ndiyo naifananisha na ya mwezi uliopita. Deni la mteja aliyehama mtaa silihesabu.