Eti naendesha kama nimebeba mayai

Niko likizo, tunatoka Iringa kwenda Mbeya, na tangu tuiache Mafinga shemeji ananisema. "Ovateki bwana! Unaendesha kama umebeba mayai. Ujerumani wamekufanya nini?" Mbele yetu lori la mbao, ukungu wa Sao Hill bado umetanda, mstari wa katikati haujakatika. Nafasi ninayoiacha, kila mara Noah inakuja kujipachika humo.

Jamani, ile nafasi si woga. Ukijibana kwenye tela unaona turubai na moshi basi. Ukikaa nyuma unaiona kona na anayekuja, unaanza kukoleza mwendo ukiwa bado upande wako, ukitoka unapita mara moja. Ujerumani wanakufundisha ugawe spidi kwa mbili: ukiwa kilomita 100 kwa saa, mita 50 kati yako na wa mbele. Ukiovateki penye kibao cha kukataza ni euro 70 na pointi moja; zikifika 8, leseni inakwenda. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mniambie kuhusu faini ya elfu thelathini ya trafiki wetu.

Kule Ujerumani vijijini, trekta likiona foleni imejaa nyuma, linaingia pembeni mpite wote. Mara ya kwanza nilimpungia mzee wa watu mkono kama amenipa lifti. Ni sheria tu: mwenye mwendo mdogo apishe pakiwa na nafasi. Huku kwetu anayepita ndiye anayebeba mzigo wote.

Ila madereva wetu wa semi nitawatetea. Kwenye milima ya Tanzam, barabara yetu ya kwenda Zambia, lori limejaa mzigo wa Tunduma, linajikokota, lakini dereva anakuona kwenye kioo. Indiketa ya kulia: tulia, kuna gari linakuja. Ya kushoto: pita. Hakuna Mjerumani aliyewahi kunifanyia hivyo! Tatizo ni kwamba huyohuyo anaweza kuwasha ya kushoto kwa sababu anakata kuingia kijijini, na hata akikuruhusu kwa moyo safi hajui kigari chako kina nguvu kiasi gani. Kwa hiyo namshukuru, halafu naangalia mwenyewe. Kwenye kona za mlima wa Kitonga hata aniwashie taa zote, siendi.

Makambako tulisimama kula, shemeji akabadili wimbo. Kasikia Ujerumani kuna uhaba wa madereva wa malori, nimfanyie mpango. Uhaba upo kweli. Lakini ninyi mnaouza viwanja ili mje, sikilizeni: leseni ya Tanzania inatambulika miezi 6 tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, masomo unalipia kwa euro, na kazi ya lori inataka cheti chake juu ya leseni. Kijerumani anza kukisoma ukiwa hukohuko nyumbani.

"Miezi sita inanitosha," shemeji akasema, akanyoosha mkono nimpe funguo atufikishe Mbeya. Nikazitia mfukoni, nikamwagizia soda nyingine.