Nilivyomtoa mwanangu kwenye vipakiti na kumleta kwenye sufuria yetu

Mwanangu alikuwa ametimiza miezi 10 siku alipotapika chakula chote cha mchana kwa sababu ya punje moja ya wali. Aliiokota kwenye sahani yangu kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, nami nikafurahi kumwona anajaribu. Mara ulimi ukaanza kusukuma mbele, macho yakajaa machozi, koo likakataa, na kila alichokuwa amekula kikamwagika kifuani kwangu. Nilimfuta, nikambembeleza, kisha nikafanya nililolizoea: nikamfungulia kipakiti cha matunda yaliyosagwa. Alikinyonya mpaka kikasinyaa mkononi mwake.

Usiku, wakati wa kutoa taka, niliona vipakiti vitano vya siku hiyo moja. Nilisimama na mfuko mkononi nikajiuliza mwanangu ametafuna nini tangu azaliwe. Hakuna.

Sikuwa nimepanga hivyo. Miezi 6 ya kwanza nilimnyonyesha bila kumpa kitu kingine, hata maji, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Nia yangu ilikuwa kwamba vyakula vya nyongeza vikianza, nitampikia mwenyewe. Lakini likizo ya uzazi iliisha karibu wakati uleule, na jioni nilikuwa nafika nyumbani nikiwa hoi, mtoto analia, maziwa yamejaa hadi yanauma. Kipakiti kilifunguka mara moja. Hakikuhitaji moto wala sahani, na hakikumwagika. Kilianza kama msaada wa siku mbili tatu za wiki, kikaishia kuwa ndicho chakula. Mzazi anayepitia hilo hivi sasa simlaumu hata kidogo, kwani mtoto mwenye njaa hangoji kiazi kiive.

Kabla ya kulala nilikitoa kipakiti kimoja kwenye taka, nikakisuuza na kusoma nyuma yake. Mbele kulikuwa na picha ya spinachi na njegere. Nyuma, ambako viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo, lilianza tufaha, likafuata peya, njegere zikaja za tatu, na spinachi ikafunga mstari. Mbele waliandika kwa herufi kubwa kwamba hawakuongeza sukari, na ni kweli hawakuongeza. Ila tunda likisagwa hadi likawa ute laini, sukari iliyokuwa imefungwa ndani yake inakuwa huru, na mtoto akiinyonya polepole inayazunguka meno machanga muda wote huo.

Baadaye nilikutana na ripoti ya mwaka 2019 ya ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani. Walikagua bidhaa 7,955 za watoto katika miji ya Vienna, Sofia, Budapest na Haifa, na katika mitatu kati ya miji hiyo, nusu ya bidhaa au zaidi zilitoa zaidi ya asilimia 30 ya nishati yake kwenye sukari. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto niliyeamini anapenda spinachi aliitema nilipompikia. Hakuwa amewahi kuionja. Alichokuwa akikijua ni tufaha lenye rangi ya kijani.

Jambo moja nililokuwa nimelikosea ni kudhani kwamba vyakula hivi hudumu miezi kwa sababu vimetiwa dawa. Kwa kawaida hudumu kwa sababu vimefungwa pasipo kupitisha hewa na kupashwa moto mkali, njia iliyochapishwa na Mfaransa Nicolas Appert mwaka 1810. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wazazi wakitishana kwamba chakula cha pakiti ni sumu. Si sumu. Tatizo letu lilikuwa kwamba mtoto wa miezi 10 alikuwa bado anakunywa chakula badala ya kukila.

Kliniki, daktari alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: alipopata ile punje ya wali, alikohoa na kutoa sauti, au alinyamaza? Nikasema alikohoa. Akanieleza tofauti ambayo natamani ningeambiwa mapema. Mtoto ambaye koo linasukuma chakula nje, anakohoa, uso umewiva, hata akitapika, anajilinda mwenyewe. Mtoto aliyepaliwa kweli hunyamaza, hawezi kulia wala kukohoa, midomo inabadilika rangi, na huyo ndiye wa kukimbiliwa papo hapo. Mimi nilikuwa nikiona la kwanza naogopa la pili, narudi kwenye ute laini, na koo lake linazidi kukosa mazoezi. Aliniambia pia kwamba watafiti wa Uingereza waliowafuatilia watoto hadi umri wa miaka 7 waliona kuwa waliochelewa kupewa chakula chenye mabonge, baada ya miezi 9, walikuwa na matatizo zaidi ya kula na walikula matunda na mboga kidogo. Nilianza kulia. Akasema, "Mama, miezi 10 si mwisho wa dunia. Anza leo."

Nilianza siku hiyohiyo, lakini kwa hatua ndogo. Sikumnyang'anya vipakiti. Nilichobadilisha kwanza ni mlango wa kupitia: kipakiti nikakikamulia bakulini, akalishwa kwa kijiko. Alikasirika siku mbili, akauvuta mkono wangu akitafuta ule mdomo wa plastiki. Siku ya tatu akafungua kinywa. Hapo nikaanza kuchanganya. Nilichemsha karoti mpaka kipande kikawa kinasagika nikikibana kwa kidole gumba na cha shahada, nikaiponda kwa uma, nikatia kijiko kimoja kwenye vijiko vitano vya chakula cha kipakiti. Uma huacha vijipande ambavyo blenda haiachi, na vijipande hivyo ndivyo nilivyokuwa navitafuta. Kila baada ya siku mbili niliongeza kijiko cha karoti na kupunguza cha kipakiti. Pembeni nilimwekea vipande virefu vya kiazi kilichoiva vizuri, unene wa kidole changu, avishike mwenyewe. Nilikaa mbele yake muda wote, mikono yangu mapajani, nikijilazimisha kutoingilia kila alipokohoa.

Wiki ya tatu alitafuna. Nakumbuka taya lilivyozunguka upande, polepole, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Boga lilikuwa habari nyingine. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8, 10 au zaidi kabla ya kukikubali, kwa hiyo nikawa natia alama kwenye kalenda ya jikoni kila ninapompa. Alama ziliongezeka, boga likawa linatemwa, linapakwa kwenye meza, linatupwa sakafuni. Sikumlazimisha hata mara moja. Nilimwekea kidogo, mimi nikala langu, basi. Mara ya 12 alimeza, akafungua kinywa tena. Kalenda ile nimeihifadhi.

Kisha nikakosea upande wa pili. Kwa furaha ya kuona anakula nikaamua hataonja tena kitu cha dukani. Kila Jumapili nilisimama jikoni tangu asubuhi, nachemsha mboga moja moja, naponda, najaza trei za barafu, nagandisha, naandika tarehe. Friza ilijaa vipande vya rangi zote na mimi nikaishiwa nguvu. Usiku mmoja trei ilinidondoka, nikakaa sakafuni nikilia juu ya njegere. Lakini uchovu haukuwa ndio uliovunja mpango huo. Mwezi uliofuata kliniki, mstari wa uzito wake kwenye kadi ulikuwa umelala.

Mtaalamu wa lishe aliniuliza namlisha nini. Nikamtajia kwa fahari: karoti, boga, kiazi, njegere, vyote vimechemshwa kwa maji. "Na nini tena?" Nikanyamaza. Akanionyesha ngumi ya mwanangu, akasema tumbo lake si kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Ukilijaza mboga na maji, linajaa kabla mwili haujapata nguvu ya kukua. Mafuta hayakuwemo, yai halikuwemo, nyama na samaki nilikuwa nimeviogopa. Halafu akanitajia madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba inayopungua kufikia karibu miezi 6, na kuanzia miezi 7 hadi 12 kiwango kinachopendekezwa Marekani ni miligramu 11 kwa siku, wakati mwanamume mzima anapendekezewa 8. Maziwa yangu, pamoja na uzuri wake wote, yana madini hayo kidogo sana. Uji wa pakiti ulioongezwa madini ya chuma, ule niliokuwa nimeufukuza jikoni kwangu, ungemsaidia kuliko boga langu.

Yalinigusa sana maneno hayo, ndiyo maana utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2016, uliniingia moyoni nilipousoma. Walilinganisha milo 278 ya dukani ya watoto na mapishi 408 ya nyumbani yaliyotoka kwenye vitabu 55. Mapishi ya nyumbani yalikuwa na nishati zaidi kwa asilimia 26, protini na mafuta zaidi kwa asilimia 44, mengine yakipita hata kiwango kinachoshauriwa. Milo ya dukani ndiyo iliyokuwa na aina nyingi za mboga ndani ya mlo mmoja. Vyangu havikuwa na lolote kati ya hayo: vilipikwa nyumbani, lakini vilikuwa vyepesi kuliko vya dukani. Kupika nyumbani peke yake hakukuwa kumemlisha mtoto wangu.

Aliyenitoa hapo ni mama yangu. Alikuja kukaa nasi siku chache, akaniona napika sufuria mbili, yetu na ya mtoto.

"Mwanangu, unapika mara mbili za nini?"

"Mama, chetu kina chumvi."

"Si utoe chake kabla hujatia? Wewe nilikutolea kwenye sufuria hiyohiyo tuliyokuwa tukila sote."

Tangu siku hiyo tunapika sufuria moja. Nyama au kuku au samaki, maharage au dengu, mboga, mafuta. Vikiiva natoa sehemu ya mtoto, naiponda au kuikatakata kulingana na umri, samaki nampapasa kwa vidole mpaka niwe na uhakika hana mwiba, ndipo chumvi inaingia kwenye iliyobaki. Wataalamu wa Uingereza wanashauri mtoto wa chini ya mwaka asipate hata gramu 1 ya chumvi kwa siku, na ukipika kwa vile vidonge vya supu, vimeshamaliza kiwango hicho wewe hujashika kopo la chumvi. Kwa hiyo vidonge navyo vinasubiri nje. Yai nampa limeiva kabisa. Asubuhi ulirudi ule uji ulioongezwa madini, pamoja na tunda la kupondwa. Mama alinibishia jambo moja tu, asali, aliyotaka kumlambisha alipopata kikohozi. Nilimweleza kwa upole kwamba asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo, vikiingia tumboni mwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hutoa sumu inayolegeza misuli, akairudisha kabatini bila neno.

Miezi miwili baadaye ule mstari kwenye kadi ulianza kupanda.

Friza bado naitumia, ila kwa mlo kamili na si kwa mboga moja moja. Chakula cha mtoto nakipoza haraka, hasa wali, kwa sababu vijidudu vyake hustahimili kupikwa na kuamka ukiachwa nje. Nikipasha, napasha mpaka kinafuka moshi, kisha nasubiri kipoe, na kilichobaki bakulini baada ya kijiko kuingia mdomoni nakimwaga. Wali wenyewe simpi kila siku, kwa sababu mpunga hunyonya aseniki, madini yenye sumu, kutoka ardhini na majini kuliko nafaka nyingi. Ripoti ya bunge la Marekani ya mwaka 2021 kuhusu metali nzito ilivishutumu vyakula vya watoto vya viwandani, na watu wengi wakakimbilia kupika, lakini aseniki iliyo kwenye punje haijui kama punje hiyo itaishia kiwandani au jikoni kwangu. Nabadilisha nafaka, basi.

Na vipakiti? Viwili vipo kwenye begi lake daima. Safarini, siku tunapougua, siku ninapochelewa kurudi, vinatuokoa, navinunua bila aibu. Nasoma nyuma kabla ya mbele: nataka cha kwanza kwenye orodha kiwe mboga, nyama au kunde, na nikipata chenye vipande vya kutafuna ndicho nachukua. Uma huwa nao kwenye begi, pamoja na bakuli dogo.

Sasa ana mwaka na miezi 8. Juzi tulikwama njiani saa nyingi, njaa ikamshika, nikamfungulia kipakiti na kwa haraka nikamkabidhi kama kilivyo. Alikigeuza, akautazama mdomo wake wa plastiki, akanirudishia.

"Kijiko," akasema.