Ndege kutikiswa pasipo na wingu

Februari, tukitoka Dar es Salaam kurudi Mbeya, kabla hatujaanza kushuka kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe, ndege ilidondoka ghafla kama gari lililoingia shimoni, na chai ya mzee aliyeketi kando yangu ikamwagikia gazeti lake, ilhali nje jua lilikuwa likiwaka. Wingu la radi lilikuwa mbali, upande wa Mlima Rungwe.

“Mwanangu, mvua iko kule, sisi tunatikiswa na nini?” aliniuliza.

Hewa yenye joto na unyevu inapopanda ndani ya wingu kama lile, pengine kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde au zaidi, hulisukuma tabaka tulivu lililo juu yake, nalo hurudi chini kwa uzito wake. Hapo huzaliwa mawimbi yanayosambaa kama ya jiwe lililotupwa katika Ziwa Ngosi, na yanapovunjika huacha msukosuko hata makumi ya kilomita kutoka kwenye wingu lenyewe. Tena wingu kubwa huuzuia upepo wa juu mithili ya mlima, upepo ukapita kando na juu yake kwa kasi zinazotofautiana, na hewa iliyo katikati huviringika.

Rada ya ndege huona matone ya mvua, si hewa kavu, ndiyo maana marubani hushauriwa kulikwepa wingu kali la radi kwa angalau maili 20, umbali ambao mimi naona bado ni mdogo.

Mzee alikunja gazeti lililolowa, akakaza mkanda, na hakuufungua hadi ndege iliposimama.