Kadi ya kliniki

Mdogo wangu alirefuka ndani ya likizo moja. Tulipofika Louisville, Kentucky, mwaka 2015 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa na miaka tisa na umbo dogo, na walimu wake walipenda kumshika mashavu. Mtundu alikuwa tangu hapo. Alijibu kabla hajaulizwa, alicheka kwa sauti, hakutulia kitini. Kwenye ripoti waliandika kwamba ni mchangamfu. Alipoingia darasa la saba alikuwa amempita mama kwa kichwa kizima na sauti imekuwa nzito, na uchangamfu uleule ukaanza kuandikwa kwa maneno mengine.

Machi 2019 nilipigiwa simu na shule nikiwa chuoni, maana mama hajui Kiingereza na namba iliyoandikwa kwenye fomu ni yangu. Mdogo wangu amesimamishwa masomo siku tatu. Yeye na mvulana mmoja wa Kizungu waligombea mpira uwanjani, wakasukumana, mwalimu akaingilia. Barua aliyokuja nayo nyumbani haikutaja mpira wala kusukumana. Ilisema "kukaidi agizo" na "tabia ya kutisha".

"Yaya, mimi nilikuwa naokota begi langu," aliniambia; yaya kwetu ndiye dada mkubwa. "Ndiyo maana sikuondoka haraka."

Kesho yake mama alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku ya kupanga vifurushi pale uwanja wa ndege, kazi ya wakimbizi wengi mjini humu. Hakulala. Alinawa uso, akafunga kitenge cha kanisani, akavuta uvunguni ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, tuliobebea makaratasi yetu yote siku ya kusafiri. Nilimwambia makaratasi hayahitajiki, ni kikao cha shule tu. Akasema mtu haendi serikalini mikono mitupu.

Naibu mkuu wa shule alitupokea vizuri, nisimsingizie. Alitupa maji, akampigia mkalimani na kuiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Mkalimani alikuwa na Kiswahili safi cha Dar es Salaam; mama ana Kiswahili cha Fizi, Kongo, chenye Kibembe ndani yake, na simu yenyewe ilikuwa inakatakata. Baada ya kuombana radhi mara kadhaa mama akanigeukia: "Zungumza wewe."

Basi nikawa mkalimani. Naibu mkuu alieleza kwamba kijana ana mwili mkubwa, wenzake wanamwogopa, na mwalimu alijiona hatarini alipomwambia aondoke naye akabaki palepale. Kisha akafungua faili, akalitazama kidogo, akauliza kwa upole kama tuna hakika kweli ana miaka kumi na miwili. Amepokea wakimbizi wengi, alisema, na tarehe zao huwa za kukisia.

Hapo alikuwa na sababu. Kwenye hati zangu na za mama sote tumezaliwa Januari mosi, kama nusu ya watu tuliosafiri nao. Lakini huyu alizaliwa kambini, hospitalini, muuguzi akaandika.

Nilimtafsiria mama. Hakujibu. Aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa kadi ya kliniki, ile karatasi ngumu ya kupimia watoto, kona zake zimeliwa. Aliikunjua mbele ya naibu mkuu, upande wenye chati ya uzito: kijani juu, kijivu chini yake, nyekundu chini kabisa. Mei 2006, kilo 2.3, mhuri. Nukta za kalamu zilikwenda mwezi kwa mwezi. Mwaka wa kwanza zilianguka kwenye kijivu, zikagusa nyekundu mahali pamoja, zikakaa sana huko chini kabla ya kupanda.

"Huyu ndiye anayewatisha," mama alisema. "Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nikamwambia hivyo hivyo. Mama akaweka kidole kwenye ile nukta ya nyekundu, akauliza la pili: "Na yule mwenzake yuko wapi sasa?"

Yuko darasani. Alikwisha kuomba msamaha. Zaidi ya hapo naibu mkuu hakuweza kusema, sheria inakataza kuzungumza habari za mtoto wa mwingine.

Miaka miwili baadaye, kwenye somo la saikolojia, nilisoma utafiti wa Phillip Atiba Goff na wenzake wa mwaka 2014: kuanzia miaka kumi hivi, wavulana weusi huonekana wakubwa kuliko umri wao, na huhesabiwa watoto wasio na hatia kwa kiwango kidogo kuliko wenzao weupe. Nilisoma na takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za 2017-18. Wavulana weusi walikuwa chini ya asilimia 8 ya wanafunzi wote, lakini karibu robo ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Wasichana weusi nao hawakusalimika. Mimi niliponea kwa ukimya wangu. Na asidhani mtu ni ugeni wetu au makaratasi yetu. Darasani nilikaa na Wamarekani weusi ambao mababu zao wamezaliwa Kentucky, na kila mmoja alikuwa na kaka wa kumtaja.

Siku ile sikuwa na takwimu, nilikuwa na kalenda. Siku ya mwisho ya adhabu ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kuchagua watakaosoma aljebra darasa la nane. Usipoianza hapo, kufika hesabu za juu kabla ya kumaliza sekondari ni kazi, na yeye hesabu ndilo somo alilolipenda. Nilisema sitasaini chochote mpaka nijue mtihani ataufanyia wapi. Wakapigiana simu. Adhabu ilibaki siku tatu. Mtihani aliufanyia ofisini, kwenye meza ya karani, mlango wazi. Alipita.

Agosti, shule zilipofunguliwa, mwalimu wake mpya alinipigia kabla wiki haijaisha. Alikuwa amesoma faili, akataka tupange mapema namna ya kumdhibiti. Nikamuuliza kama amesoma na alama zake za mtihani wa aljebra.

Akasema bado.